Wapangaji wa Kaloleni

Nyumba yetu ina wapangaji wasiolipa kodi.
Wanakaa ukutani, chini ya mita kuukuu ya stima,
mlango wao kijibomba cha nta, chembamba
kama kidole cha mtoto anayeomba ruhusa.

Wadogo. Ukipita mbio utadhani ni mbu,
au pilipili manga zilizoota mabawa.
Hawana mwiba. Wakikasirika
huingia nyusini, masikioni, nyweleni,
na kukuaibisha mbele ya wageni. Basi.

Mama mkwe, Jahenda, ndiye aliyewatambua.
Alikuja kutoka Vihiga kutibiwa macho,
akawasikia kabla ya kuwaona:
"Nani amewaleta watu wetu mjini?"
Kwao, mtoto akikohoa usiku
hulambishwa asali yao, chachu,
nyepesi kama maji ya ukwaju.
Na kwao, anasema,
nyuki hawa huhama nyumba yenye matusi.
Tangu siku hiyo mimi na mume wangu
tunagombana kwa kunong'ona.

Waliosema fuata nyuki ule asali
hawakuwafuata hawa.
Mimi niliwafuata, Jumapili moja:
kwenye mrenda wa jirani,
kwenye sukuma iliyosahauliwa ikatoa maua ya njano,
nyuma ya ukumbi, ndani ya ua la malenge
ambalo sikujua kwamba ni langu,
kisha Shauri Moyo, kwa fundi wa makabati,
wakichota vanishi mbichi kwa miguu ya nyuma.
Nilirudi bila asali,
ila najua sasa malenge yangu ni mtoto wa nani.

Jumanne wakaja vijana wawili na kopo la rangi.
Kila ukuta, msalaba mwekundu uliolala.
Mmoja, Kilatya, mtu wa Mwingi, alipokiona kijibomba
brashi ilimsimama hewani.
"Hawa, kwetu..." akasema, asimalize.
Babake alimwachia mizinga mitatu mtini;
aliiuza, ikawa nauli ya kuja huku.
Akachora alama yake pembeni,
shubiri moja kutoka mlango wao.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu, rangi ilikataa kukauka.
Alasiri Jahenda akaniita, jicho moja bado limefungwa bendeji:
"Hebu njoo uniambie, naona au naota?"

Walikuwa wameitanda ile alama.
Walikuwa wanaikwangua,
tembe kwa tembe,
wanaibeba nyumbani.

Leo kijibomba kina ukingo mwekundu
kama mdomo wa mtu aliyealikwa harusini.
Notisi inasema siku tisini.
Jahenda ameniomba kisanduku cha mbao
kisichonuka sabuni wala mafuta ya taa.
"Usiku," anasema, "wakishaziba mlango."

Namuuliza, tutawapeleka wapi?

Anapapasa ukuta, taratibu, hadi kwenye nta.
"Na nyinyi?"