Karani wa Mizani

Akishatoa salamu ya alfajiri, baba
hukunja msala, huvua koti,
hupanda mizani.
Simama wima, namwambia, usishike ukuta.
Hucheka. Miaka ishirini na sita
maneno hayo aliyasema yeye
kwa madereva wa trekta, langoni pa kiwanda.

Sitini na tatu na nusu.
Naandika katika daftari lake la zamani
lenye safu zile zile: Tarehe. Mkulima. Uzito. Maoni.
Jana ilikuwa sitini na moja.
Kilo mbili na nusu usiku mmoja, na hakula ila uji:
hayo ni maji.
Moyo umeshindwa kuyasukuma, yameteremka miguuni;
ukibonyeza kifundo kwa kidole
shimo hubaki, kama kwato ya ng'ombe topeni.

"Nanzala," aliniambia juzi,
"unajua tulikuwa tunawakata?
Kila trela, kilo arobaini, hamsini.
Mkubwa alituambia tuseme ni umande.
Basi umande wa watu
umekuja kunidai."
Sikujibu. Nilimkatia nusu nyingine ya kidonge cha kukojoza.

Kisha simu ya Rajabu, kutoka Doha:
kuna hospitali, nchi ya mbali,
wanachota uboho nyongani, wanachuja seli shina,
wanazidunga moyoni
na moyo unachipuka upya.
Upya! Alilirudia neno kama mnadi.
Bei yake ni shamba la Lubinu lote,
na ng'ombe, na aibu ya kukopa juu.

Usiku ule tuliligawa shamba kwa midomo.
Kaka Mukoya tayari alikuwa na mnunuzi.
Baba kimya.
Kisha: "Shina?"

Shina la muwa analijua.
Unakata, mvua inanyesha mara moja,
na chini ya pale panga lilipopita pana jicho, linafumbuka.
Mkato wa kwanza mnene. Wa pili si haba.
Wa tatu fimbo za kuchungia mbuzi.
Wa nne unalimia mchwa.
"Hilo shina lao linatoka kwa nani?"
Kwako mwenyewe, baba. Mfupani mwako.
"Mfupa wa miaka sabini na mmoja.
Huo utakuwa mkato wa ngapi?"

Kisumu, Daktari Jerotich alituonyesha moyo kwenye skrini:
mfuko wa kijivu, unajikunja kwa uvivu
kama mtoto anayeamshwa Jumatatu.
Asilimia ishirini na mbili, alisema.
Nikamwuliza kuhusu seli.
Hakucheka, na kwa hilo namshukuru.
Alisema nyingi hufa zikishaingia;
zinazobaki hazigeuki kuwa moyo,
labda hunong'ona tu, huwatuliza majirani.
Kati ya waliojaribiwa, wapo waliopata nafuu kidogo,
wapo waliobaki sawa na waliodungwa maji ya chumvi.
Bado wanatafuta. "Anayekuuzia leo
anakuuzia kesho asiyokuwa nayo."

Baba akavaa shati, vifungo vyote, polepole.
"Wakija kutafuta watu hapa, bila malipo,
andika jina langu.
Hata wakinipa maji ya chumvi.
Lazima pawe na mtu wa kupimiwa."

Shamba halikuuzwa. Mukoya hajanisemesha tangu hapo,
na zipo nyakati, saa nane za usiku,
nimsikiapo baba akipumua ameketi, mito mitatu mgongoni,
ninapolima kichwani lile shamba, ninaliuza, ninalinunua tena.

Leo ni sitini na moja na robo.
Alininyang'anya kalamu.
Kwenye safu ya Mkulima akaandika: Saidi Osundwa.
Kwenye Maoni: Hakuna kilichokatwa.

Kisha akaomba chai.
Nusu kikombe, ndicho kipimo cha daktari.
Nikamimina. Nikazidisha kidogo.
Aliona.
Hakuandika.