Njia Zote za Ndani

Ofisi yetu iko juu ya duka la dawa, Mtaa wa Uhuru,
ghorofa ya pili, ngazi haina taa.
Mimi ni mpiga chapa. Sheria sikuisoma,
nimeipiga chapa tu, miaka kumi na moja,
hata vidole vinajua pa kuweka "kwa hiyo".

Siwatu aliingia na mfuko wa rambo
umejaa makaratasi: cheti cha ndoa, cheti cha kifo,
fomu namba tatu ya polisi, imekunjwa mara nane,
na risiti ya bati arobaini alizonunua yeye
kwa kushona sare za watoto wa Tandika.

Wakili Nsia akaifungua fomu ya Kamati.
Jina la mwathirika?
"Mwathirika ndiyo nani?" akauliza Siwatu.
"Andika fundi cherehani."
Nikaandika. Mashine haikukataa.

Swali lililotuweka mpaka magharibi ni hili:
Je, mlalamikaji amemaliza njia zote za ndani ya nchi?

"Njia," akasema, kama anayeonja chumvi.
Baraza la kata: shemeji walimpa kiti, mimi mkeka.
Polisi: haya mambo ya kifamilia, mama,
nendeni mkayamalize nyumbani.
Nikamuuliza, nyumbani kwa nani?
Akacheka. Alikuwa kijana, sikumchukia.
Mahakama ya Mwanzo wakafunua mila za ukoo wa marehemu,
wakanitafuta humo, wakanikuta
kati ya mbuzi na masufuria.
Ya juu yake: ahirisho kumi na tisa.
Hakimu yuko semina. Faili halionekani. Mvua.
Ya juu kabisa wakaitupa rufaa,
ukurasa mmoja ulipungua.
"Andika hivi: njia hazikuisha.
Nimeisha mimi."

Nikaipeleka katika Kiingereza, ikatoka imevaa suti:
taratibu zilicheleweshwa kupita kiasi.
Nikaisoma mara mbili, nikaona haya,
nikairudisha kauli yake chini, kwa Kiswahili, kwa kalamu.

Kidole hakukitaja. Nilikiona alipotia saini,
cha shahada, kimepinda, hakigusi kalamu.
"Hamduni," akasema, "na mlango."
Basi. Ukawa mstari mmoja, aya ya kumi na nne.

"Wataniita lini nikaseme?"
Hawaiti, akajibu wakili. Wanasoma.
"Wangapi?"
Ishirini na watatu.
"Wote hao wanisome mimi?"
Akaufunga upya mtandio,
kama mtu aliyeambiwa wageni wako njiani.

Serikali ilijibu kurasa sitini na moja,
nyingi juu ya tarehe.
Tukajibu majibu.
Mkabala na dirisha letu jengo likaota ghorofa saba,
mwenye duka la dawa akafa, mwanawe akapandisha kodi.
Siwatu alikuwa akipita kila mwisho wa mwezi,
anauliza, hapewi chai, anashuka.

Uamuzi ulifika Alhamisi, umeme umekatika.
Nsia akausoma kwa tochi ya simu:
haki zake zimevunjwa,
alipwe fidia,
sheria ibadilishwe, si kwa ajili yake peke yake.

"Na Hamduni nani atamtoa?"

Kimya. Chini mtu alikuwa ananunua panado.
Kamati haina askari, akasema wakili.
Haina hata gari. Ina karatasi, na aibu ya serikali,
na aibu hiyo huiva polepole kama makongoro.

Nilidhani atalia. Nilishaandaa kiti.
Yeye akaichukua tochi, akatafuta aya kwa kidole kilekile,
akanionyesha neno nisomee tena.
Kidole, nikasoma. Wamekiandika.
"Kumbe walifika mpaka huku."

Kisha akahesabu noti juu ya meza yangu.
Nakala moja ya mwenyekiti wa mtaa.
Moja ya yule kijana wa polisi, kama bado yupo.
Nne za wajane wa saluni ya nyuma ya soko,
wao wanajua wenyewe.
"Na hii moja ya Hamduni," akasema,
"ipige kwa herufi kubwa.
Siku hizi haoni vizuri."