Noti Iliyoshonwa

Dola iliyochanika pembeni kidogo tu,
upana wa punje ya mchele,
hapa Lubumbashi hailipi karo, hainunui hata chumvi.
Utaizungusha kutoka Kenya hadi Kamalondo,
kila kambisti ataiinua juani, atafyonza meno:
"Mama, hii imekufa."

Nami husema hivyo hivyo.
Mwaka wa kumi na tisa huu nakaa kwenye kiti cha plastiki,
matofali ya franka mezani, yamefungwa kwa mpira,
vidole vikihesabu hata nikisinzia.
Ila nyumbani Katuba, chini ya kitanda,
nina albamu ya harusi isiyo na harusi.
Humo nimewalaza wafu wangu:
franka ya Mbelgiji, bado inanuka kabati;
franka ya Katanga, haikutimiza miaka mitatu,
kama mtoto wa surua;
zaire milioni tano, ambayo baba alitoka nayo asubuhi
kununua sukari
akarudi jioni na kiberiti.

Na ukurasa wa mwisho, peke yake,
karatasi ndogo kuliko kiganja.
Kabwita, muuza vyuma chakavu, aliikuta ndani ya Biblia
ndani ya sanduku la mmisionari Mmetodisti.
Alidhani ni lebo ya dawa.

Shilingi kumi na tano. Mwaka 1773.
Shilingi! Amerika!
Kabla dola haijazaliwa,
mfalme wao akikaa ng'ambo ya bahari
kama wetu alivyokuja kukaa.

Miezi minane niliisoma
kwa lenzi ya marehemu Lukonde, fundi saa.
Mwalimu Mwansa alinifasiria maneno ya chini:
Kughushi ni kifo.
Nikacheka. Sisi tunaua noti,
wao waliua watu.

Mgongoni kuna jani.
Si jani la kuchorwa: jani lenyewe
lilibanwa, likaacha mishipa yake,
maana hakuna mghushi anayeweza kuiga
njia za maji ndani ya jani.
Tangu hapo siwezi kuchambua sombe
bila kuligeuza jani moja na kulitazama.

Mbele, sahihi tatu za wino.
Watu watatu walikaa wakaandika majina,
noti hii, noti ile, mchana kutwa.
Ya kwanza imenyooka. Ya pili ina mkia.
Ya tatu imetetemeka:
labda baridi, labda njaa,
labda alijua ahadi ni kubwa kuliko ghala.

Na katikati, uzi.
Ilipasuka, mtu akaishona.
Mishono kumi na mmoja, ya mwenye haraka,
kisha ikaendelea kununua unga.
Mikono mingapi iliipokea hivyo,
na kidonda chake, bila kuiinua juani?

Jumanne alikuja Ngalula, muuguzi,
bado na viatu vyake vyeupe vya zamu.
Noti ya kumi, imechanika.
Nilimpa saba.
Hakubisha. Alizihesabu mara mbili,
akasema asante, na asante ile
imekaa kooni mwangu kama mwiba wa samaki.

Usiku umeme ulikatika. Nikawasha mshumaa,
nikatunga uzi kwenye sindano, nikaishika dola yake.
Mkono ulikataa.
Dola iliyoshonwa, kesho nani ataigusa?
Mimi mwenyewe nisingeigusa.

Basi nikachana karatasi ya daftari.
Nikaandika: Mwenye kuleta karatasi hii
alipwe dola tatu, na Mujinga, kambisti,
kiti cha pili kutoka duka la dawa.
Jani la sombe nikalipaka wino wa muhuri,
nikaligandamiza nyuma kwa chupa ya mafuta.
Mishipa ikatoka yote, isipokuwa mmoja.

Nikatia sahihi.
Nilipoileta karibu na mshumaa
niliona imetetemeka,
kama ile ya tatu.