Neno la Sabuni

Tucson, saa tisa usiku, chumba cha kufulia
chini kabisa ya hospitali, mabomba yakikoroma.
Refugio Buelna anamimina unga kwenye mashine namba nne,
ile inayoruka kama mbuzi aliyeona kisu,
ananiuliza: Kwenu hii mnaiitaje?
Sabuni.
Kopo linabaki hewani.
*Jabón*, anasema. *Jabón*, sabuni.
Tukacheka kama ndugu waliopotezana sokoni
wakatambuana kwa kovu.

Tangu hapo kila zamu ni mnada.
Anatoa *mesa*, natoa meza.
Anatoa *bandera*, natoa bendera.
*Azúcar*, sukari. *Zapato*, na mimi sapatu,
zile za shangazi, zisizo na kisigino.
Aliposikia Tatu ni hesabu, akaanza kuniita *Tres*.
Kukicha ananiaga *hasta mañana*,
nami naishika hiyo *hasta*, naigeuza, nainusa:
si ni hata yetu hii? Hata kesho.
Mwarabu aliisahau kwake na kwangu
kama mgeni aachaye miavuli nyumba mbili.

Gereza ndilo lililotunyamazisha.
Nilimweleza: Mreno alitujia na kanisa ndani ya ngome,
akalitaja kwa lugha yake, jirani ya *iglesia* yako,
sisi tukasikia gereza,
tukatazama kuta, tukatazama pingu,
na neno likabaki na pingu.
Refugio alikunja shuka, pembe kwa pembe.
Bibi yangu, akasema, angekuelewa upesi.

Usiku huo ndipo nilipopata habari ya sabuni.
Miaka saba, darasa la kwanza, kusini mwa mji huu huu.
Aliomba kwenda chooni kwa lugha ya mama yake.
Mwalimu, Bi. Threlkeld, akamfungua kinywa,
akamsugua ulimi kwa kipande cheupe
mpaka povu likamtokea puani.
Kama alifika chooni, hasemi.
Anasema tu kilinukia waridi.

Mimi nilivishwa ubao, nikamwambia,
sekondari, Tanga, kamba ya katani shingoni,
kwa kosa la kusema *nipe kalamu*.

Ngoja, *Tres*. Usinihurumie upande mmoja.
Hiki Kihispania nilichosuguliwa ili kinitoke,
mabibi wa bibi yangu walichapwa ili kiwaingie.
Padri na kengele. Mjeledi na kengele.
Kiyaki chao kwangu kimebaki neno moja.

Basi unakipendea nini? nikauliza.
Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini ana magoti.
Mke wangu nilimposa kwa nini, kwa ishara za mikono?
Mama alipokuwa akikata roho alinifokea kwa lugha gani?
Mjukuu wangu Itzel, miaka tisa,
nampigia simu kwa Kihispania, ananijibu Kiingereza.
Naye hakuna aliyemtia sabuni.

Hapo shuka likaniponyoka.
Nilimkumbuka bibi mzaa mama, Msegeju wa Mkinga,
akiita kuku jioni kwa maneno ambayo kuku waliyajua
na mimi sikuyajua.
Akinisemesha Kisegeju, namjibu Kiswahili,
Kiswahili changu kitamu, cha redio, cha shule,
ninachokililia leo huku ugenini.
Alipunguza. Akapunguza. Akawa anaongea na kuku tu.
Hakuna aliyemchapa.
Nilimcheka.
Mimi ndiye niliyemcheka.

Refugio hakusema pole.
Alifuta mikono kwenye aproni,
akaniinamia sikioni, mashine zikiunguruma,
akanitilia lile neno moja.
Silitaji hapa; si langu kulitaja.
Nikalirudia, vibaya. Akatikisa kichwa.
Nikalirudia. Akagusa koo lake: huku, si mdomoni.
Nikalirudia,
na namba nne ikaanza kuruka.