Ubavu Juani

Saa kumi na mbili na nusu, Isongole, mwezi wa sita.
Ukungu umelalia matuta ya viazi
kama ng'ombe asiyetaka kuamshwa.
Kwenye uzio wa mianzi, nyuma ya darasa,
kinyonga yupo palepale alipokuwa jana jioni,
amefumbata ufito,
baridi kama jembe lililosahauliwa nje.

Jana alikuwa kijani cha njegere.
Leo ni mweusi, ila ubavu mmoja tu,
ule ulioelekea mashariki.

Ambokile wa darasa la sita ameokota jiwe.
"Mwalimu, huyu ni mkosi!"
"Subiri. Mhesabie pumzi kwanza."
Tunainama.
Mbavu zinapanda kwa taabu. Zinashuka.
Moja.
Kisha kimya, kirefu
kiasi cha mtoto kusahau alichokusudia.

Ndani yake hamna jiko, namwambia.
Mimi na wewe tuna moto usiozimwa,
uji wa asubuhi ndio kuni zake.
Yeye huazima.
Hujipaka giza ili mwanga umnase,
hujibapa kama chapati kwenye kaango,
na akishapata joto la kumtosha kutembea
hurudisha kijani chake, deni limekwisha.

Mimi nilikuja hapa mtu wa Kyela,
mtu wa mpunga, wa kulala bila shuka.
Wiki ya kwanza mlima ulinikaba koo.
Ndoo ya maji, hatua ishirini, nikakaa chini,
moyo ukigonga kama mgeni anayenyeshewa.
"Utazoea," alisema mama Tusekile, jirani,
nami nikadhani anasema habari za roho.
Kumbe ni mifupa.
Humo ndani, gizani, uboho ulishaanza kazi,
ukifinyanga chembe nyekundu, maelfu kwa maelfu,
bila kuniomba ruhusa, bila posho.
Kufika Septemba nilipanda na ndoo kichwani
huku nikimsengenya mwenyekiti wa kitongoji.

"Mwalimu, mbona tumbo limemvimba?"

Kule chini jamaa zake huchimba,
hutaga, hufukia, huenda zao.
Udongo wa joto ni mlezi tosha.
Huu wetu, kipupwe kama hiki, ungeyaua mayai.
Basi huyu hafukii.
Huyabeba humohumo,
huota jua kwa niaba yao,
mpaka watoke wana vidole tayari
na macho ya kutazama huku na kule kwa mara moja.

"Nani alimfundisha?"

Hakuna.
Waliofukia walipoteza.
Baridi ikapepeta, kama bibi yako na ulezi wake,
vizazi juu ya vizazi,
wakabaki wabebaji.

Ambokile hajibu.
Sweta lake limetoboka kiwikoni,
na pale kwenye tundu vinyweleo vimemsimama:
manyoya ya mababu wa kale sana
yanajaribu kutuna, hayapo tena,
ngozi bado inakumbuka amri.

Jua linavuka kilima.
Kinyonga anafungua jicho moja, la upande wetu,
jingine analiacha kwenye shughuli zake.
Mtoto naye, bila kuambiwa,
amegeuza ubavu.

"Shika, Mwalimu," ananikabidhi jiwe.
Nimelipokea nikitegemea baridi ya usiku.
Lina joto.