Mwaka wa Nzige

Dundee, saa nane usiku. Chai imepoa.
Kisanduku kinadai jina la ukoo;
naandika Mcha bin Khatibu bin Ngwali,
kinakataa.
Mwaka wa kuzaliwa?
Bibi alisema: mwaka wa nzige.
Kinataka tarakimu.

Nabahatisha 1931.

Papo hapo jani la kijani linachipuka:
“Huyu huenda ni babu yako.”
Murdo Geddes, mfuma magunia,
mtaa wa tatu kutoka hapa,
hakuoa, hakuacha mtoto.
Babu wa nani, basi?

Kwenye tawi letu
nzige hawakubakiza hata jani.

Nataka kumfuta. Raya,
niliyedhani amelala zamani,
ananishika kiganja:
“Mwache, Mama. Hapo hapo pembeni.
Hatatubana.”