Sehemu ya Kumi na Tisa

Tulimwacha ndani ya lifti.
Kidole kimeinuliwa, taa inakonyeza,
ghorofa ya arobaini juu yake, ya thelathini na tisa chini,
na nyuma ya ukuta mbwa wa chuma wa Idara ya Pumzi
wananusa.
Kisha giza. Kisha majina ya watengenezaji
yakipanda kama sisimizi.
Kisha basi.

Wenye kampuni walisema watazamaji hawakutosha.
Birere hawakuihesabu.
Banda la Bauma hawakulihesabu, mabenchi kumi na mawili ya mikaratusi,
franka mia mbili kila kichwa, mtoto wa mapajani bure,
jenereta inakohoa uani
na Bauma mwenyewe, kipaza sauti kafunga kwa leso,
akikitoa Kifaransa kwenye mifupa yake
na kutupa sisi nyama:
"Anasema, hata pumzi hii nimeikopa!"
Naye Nzigire, muuza sambaza, kutoka nyuma:
"Kumbe na yeye anadaiwa!"

Ni hadithi ya mji ambao hewa huuzwa kwa kipimo.
Kila mtu na mita yake shingoni.
Huko ilikotengenezwa, nadhani, waliiita kesho.
Sisi tunayajua mazuku,
pumzi mbaya inayolala mashimoni kati ya mawe ya volkano,
inayoua mbuzi kwanza,
halafu mtoto aliyemfuata mbuzi.
Hatukushangaa.
Tuliuliza tu bei.

Ndiyo maana haikufa, ijapokuwa waliiua.
Mumbere aliyasukuma mabishano na chukudu lake
kutoka Ndosho hadi sokoni Virunga: lifti imeanguka,
mwanamke kafa, acheni ujinga.
Kasole wa kuchaji simu akakataa:
mbwa mmoja atageuka, alimwona jicho,
sehemu ya kumi na moja, tazameni vizuri.
Masika fundi cherehani alishona lile koti la kijivu,
safu mbili za vifungo, mara ishirini na sita.
Kaka yangu alioa nalo.

Halafu mwezi wa tano, mlima ukapasuka,
na siku ya tano wakatuambia, usiku, ondokeni,
huenda kuna moto hata chini ya ziwa.
Barabara ya Sake ilijaa magodoro.
Mimi nilibeba pasi ya makaa, sijui kwa nini.
Bauma aliiacha jenereta.
Diski zilikuwa tumboni, chini ya shati,
kama mjamzito wa pembe nne.

Tulilala darasani, ubaoni hesabu za kugawanya.
Ardhi ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka.
Hakuna aliyesema neno mpaka Asifiwe, miaka saba,
akauliza gizani:
"Na yule mama wa lifti?"

Bauma akakohoa, kama anapima kipaza sauti.
Hakuwa na kioo, hakuwa na Kifaransa.
Akatupa sehemu ya kumi na tisa.

Siisimulii yote hapa; si yangu.
Nitasema tu kwamba mlango ulifunguka katikati ya ghorofa,
nusu ukuta, nusu korido,
na katika ile nusu ukapenya mkono.
"Wa nani?" darasa zima.
Ardhi ikatetemeka. Vumbi la chaki likatuangukia.
Akasema: "Ishirini, kesho."

Kesho tulitafuta maji. Keshokutwa, bidoni za kuchotea.
Kisha tukarudi mjini, na Bauma hakuimalizia kamwe;
ukimuuliza anasema diski ina mikwaruzo.

Siku hizi kuna watu Birere wanaoapa waliiona,
banda likiwa limejaa, mvua ikipiga mabati.
Wengine hawakufika hata Sake.
Siwasahihishi. Nami niliiona:
naukumbuka ule mkono, naikumbuka sleevu yake,
ilikuwa ya buluu.

Masika anabisha. Anasema kijani,
na kitambaa ameshakata.